Mpaka wa Jembe na Maji: Habari za Walinzi wa Vyanzo Katika Nchi ya Mpanda

Mtu akitaja utamaduni wa taifa, wengi wetu hufikiri upesi juu ya ngoma, mavazi, hadithi za wazee na ufundi wa kuchonga. Hatuna ugomvi na fikra hiyo. Sisi wenyewe tumepata kuzicheza ngoma hizo na kutunga mashairi ya kuzisifu. Walakini liko jambo jingine ambalo halionekani jukwaani, nalo ni mapatano ya watu juu ya ardhi na maji: nani alime wapi, ng'ombe wanyweshwe wapi, mti upi usiguswe, na chemchemi ipi isiogewe. Watu wasiopatana juu ya ngoma hawadhuriki sana. Watu wasiopatana juu ya chemchemi huhama, au hupigana. Kwa sababu hiyo twaona ni halali kabisa kuiingiza habari ya ulinzi wa vyanzo vya maji katika kitabu cha utamaduni, na tunawaomba walimu na wanafunzi waisome kama sehemu ya historia yao, wala si kama tangazo lililobandikwa katika ofisi ya serikali.

Tumechagua kuanzia Misunkumilo. Hii ni kata iliyo ndani ya Manispaa ya Mpanda, Mkoa wa Katavi, mahali ambapo mji unakwisha na miyombo inaanza. Au tuseme kweli, mahali ambapo mji unazidi kuisukuma miyombo nyuma. Humo limo Bwawa la Milala, lenye viboko wake, na kando yake watu hulima mboga, hufyatua matofali, huvua samaki na kunywesha mifugo. Mgeni akisimama ukingoni hudhani anaona bwawa la mji mdogo tu. Lakini nchi hii ya Mpanda ni mgongo unaogawa maji. Upande mmoja mito huingia katika Mto Katuma, nao Katuma hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hujaza Ziwa Katavi na Ziwa Chada, kisha maji yake huendelea kwa Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina njia ya kutokea. Upande wa kaskazini maji huelekea Mto Ugalla, huingia Malagarasi na Ziwa Tanganyika, na kutoka huko hupita Mto Lukuga hadi Mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Matone mawili ya mvua yaliyotoka katika wingu moja yaweza kuachana hapa, moja likaishia katika chumvi ya Rukwa na jingine katika bahari ya magharibi ya Afrika. Tungependa kila mwalimu wa jiografia awaoneshe wanafunzi wake jambo hilo kwa kidole juu ya ramani.

Wataalamu huita eneo linalokusanya maji ya mto kwa jina la dakio. Ni neno zuri, maana kudaka ni kazi ya makusudi. Miyombo hudaka mvua kwa majani yake, ikaipunguza nguvu. Majani makavu yaliyolala chini yakaizuia isikimbie. Mizizi ikaipa njia ya kushuka ardhini. Katikati ya misitu hiyo yamo mabonde ya nyasi yasiyo na miti, ambayo hujaa maji wakati wa masika na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi, kama mtu mwenye ghala anayejua kupima. Mvua ya Mpanda hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili, basi. Miezi iliyobaki nchi huishi kwa akiba ya ghala hilo. Akikata msitu, mtu hakati miti tu, anatoboa ghala. Mvua itakuja ileile, lakini itapita kwa siku mbili ikiwa na rangi ya udongo, na Agosti mto utakuwa mchanga mtupu.

Wenyeji wa kale walilijua jambo hili, ingawa hawakulieleza kwa maneno hayo. Wabende, Wakonongo na Wapimbwe walikuwa watu wachache katika nchi kubwa, wakilima, wakiwinda, na kurina asali katika mizinga ya magome. Mrina asali ana sababu ya kuuogopa moto wa ovyo na kuupenda mti mkubwa. Tena palikuwa na mizimu. Jina la Katavi lenyewe latokana na Katabi, mwindaji ambaye yasimuliwa kwamba roho yake hukaa katika mkwaju ulio karibu na ziwa lenye jina lake, pamoja na mkewe Wamweru, na watu wamekuwa wakipeleka sadaka zao hapo. Hatuandiki haya ili kuwarudisha wanafunzi kwenye matambiko. Twasema tu kwamba mzimu ulikuwa mlinzi asiyedai mshahara wala posho ya safari, na kwamba mpaka wake ulijulikana na mtoto wa miaka saba. Sisi tuliopata mshahara na posho hatujaweza kudai hivyo kila mara.

Utawala wa kigeni ulipokuja, mpaka huo ulichorwa upya, na mchoraji alikuwa mtu mwingine. Katika miaka ya 1920 na 1930 Waingereza, wakipambana na malale yanayoenezwa na mbung'o, waliwahamisha watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika kutoka vijiji vyao vilivyotawanyika wakawakusanya katika makazi makubwa. Hatukatai kwamba ugonjwa ulikuwa wa kweli na kwamba wengi waliokolewa. Lakini matokeo yake yalikuwa mawili. Kwanza, eneo kubwa likabaki bila watu, na baadaye likaitwa pori la serikali kana kwamba halijapata kukaliwa. Pili, waliohamishwa waliacha nyuma chemchemi walizozijua kwa majina, wakapewa mahali ambapo hakuna aliyejua maji hukauka mwezi gani. Maarifa ya maji hayabebeki kichwani kama mzigo wa mtama. Hukaa mahali pake, na mtu akiondoka hubaki huko.

Kisha yakaja madini. Risasi iligunduliwa Mpanda katika miaka ya 1930, na baada ya vita kuu ya pili kampuni ya Uruwira Minerals ikafungua mgodi mkubwa. Kwa ajili yake reli ya tawi ilijengwa kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940, na mji ukazaliwa. Mji wa mgodi huhitaji kuni, nguzo, mbao, matofali ya kuchoma, na maji, maji mengi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, wenye kampuni wakaenda zao, lakini reli ikabaki, mji ukabaki, na mazoea ya kuuona msitu kuwa stoo isiyokwisha yakabaki pia.

Hapa hatuna budi kuondoka Mpanda kwa muda kidogo, maana asiyejua yaliyotokea Uluguru hawezi kuelewa kwa nini mwananchi wa Tanzania, hata leo, akimwona mtu wa serikali na kamba ya kupimia hukunja uso. Karibu na mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika milima hiyo ya Morogoro. Nia yake ilikuwa kuzuia mmomonyoko na kuilinda mito inayotoka mlimani, ambayo huingia Ruvu na kuinywesha Dar es Salaam. Nia hiyo haikuwa mbaya. Walakini Waluguru hawakuulizwa, waliamriwa. Walitakiwa kuchimba matuta ya ngazi kwa idadi, na asiyechimba alishtakiwa. Tena matuta hayo, katika udongo ule, yalifukua udongo wa chini usio na rutuba na kufukia ule mzuri, kwa hiyo mkulima mtiifu alivuna kidogo kuliko mkaidi. Julai 1955, huko Matombo, umati ulikusanyika kupinga. Polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akauawa. Mpango ukaachwa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kilipata masikio mengi mlimani kwa sababu ya matuta hayo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba nchi hii haikuwa na upungufu wa maarifa ya kutunza ardhi. Wamatengo wa Mbinga walikuwa na ngoro zao, yale mashimo ya mraba yanayodaka mvua mlimani na kuozesha nyasi ziwe mbolea, kabla ya bwana shamba yeyote kufika kwao. Wasambaa walikuwa na usemi wa kuiponya nchi, kuzifya shi, na kinyume chake, kubana shi, yaani kuiharibu; nao waliyatumia maneno hayo kumpima mtawala, si kumpima mkulima peke yake. Mtawala mwema mvua hunyesha, mito hutiririka. Mtawala wa kikoloni alipofika Mlalo mwaka 1946 na mpango wake wa kurekebisha bonde, hakujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa katika mizani.

Baada ya Uhuru tulirithi milima, mito, sheria na kamba ya kupimia. Tulirithi pia kazi zenyewe. Bwana shamba, bwana misitu, bwana nyuki, bwana mifugo: majina haya yalitoka katika zama za ukoloni, na neno bwana lililomo ndani yake halikuwa la bure. Vijana wa Kitanzania walioingia katika kazi hizo walisomea Olmotonyi, chuo cha misitu kilichoanza mwaka 1937, au Tabora kwa wale wa nyuki, au baadaye Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichopata hadhi hiyo mwaka 1984. Wengine, kama sisi, hatukufika huko. Tuliingia katika ofisi ya wilaya tukiwa na elimu ya sekondari, tukaanza kwa kunakili mihutasari ya vikao, na kamba ya kupimia tulifundishwa kuishika na watu walioishika kabla yetu. Hatuoni aibu kusema hivyo. Mihutasari ni shule pia. Mtu akinakili malalamiko ya wananchi kwa miaka mitano hujifunza ni nini kinachorudi kila mwaka.

Katika miaka ya 1970 mipaka ilichorwa kwa haraka kuliko wakati mwingine wowote. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Faida za vijiji twazijua: shule, zahanati, bomba. Kwa upande wa maji, hata hivyo, kijiji kilichopangwa kando ya barabara hakikuwa lazima kijiji kilichopangwa kando ya chemchemi, na mashamba ya watu wote yakasongamana katika mwendo wa saa moja kutoka nyumbani. Mwaka 1974 Bunge lilitunga sheria ya matumizi ya maji iliyoyaweka maji yote chini ya Jamhuri. Mwaka huohuo Mkoa wa Rukwa uliundwa, Mpanda ikatolewa Tabora na kuingizwa humo, na Katavi ikafanywa hifadhi ya taifa. Kalamu ilifanya kazi nyingi mwaka ule.

Katika miaka hiyohiyo Mpanda ilipokea wageni. Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta maelfu ya watu, nao wakapewa ardhi msituni Katumba, na wengine Ulyankulu mkoani Tabora. Habari ya Ulyankulu inafaa kufundishwa darasani. Watu walikuwa wachapakazi, ardhi ilionekana kubwa, na wapangaji walihesabu ekari. Hawakuhesabu maji vya kutosha. Ilipofika mwaka 1978 ilikuwa wazi kwamba mahali pale hapawezi kuwabeba wote, na makazi mapya yakafunguliwa Mishamo, Mpanda, na watu wengi wakahamishwa tena, wakaanza msitu mwingine kwa shoka. Hatuwalaumu hata kidogo. Wengi wao walikuja kupewa uraia wa nchi hii, na mahindi yao yamelisha mji wa Mpanda. Twasema tu kwamba ekari ni nusu ya hesabu.

Wageni wengine walikuja kwa miguu nyuma ya ng'ombe zao. Hao ni Wasukuma, ambao kuanzia miaka ya 1970 na kuendelea walishuka kutoka Shinyanga na Mwanza wakitafuta malisho, wakaingia Tabora, Mpanda na bonde la Rukwa. Nenda katika mkutano wowote wa vyanzo vya maji katika mkoa wetu, utasikia kabla ya dakika kumi kwamba mharibifu ni mfugaji. Ng'ombe wengi huharibu kingo za mito, hilo ni kweli. Nasi tumelisema katika taarifa zetu zaidi ya mara moja. Lakini tumejifunza, tena kwa kuchelewa, kwamba tulikuwa tukisema nusu ya kweli.

Fikirini habari mbili. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyojulikana kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoliwa na makorongo huko Kondoa, kilomita za mraba 1,256. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, makorongo yakaanza kupona. Ni ushindi usiokanushika. Lakini ng'ombe hawakuyeyuka. Walikwenda kwa jirani. Mwaka 1986 ukaja mradi wa pili, Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Hapo wataalamu walitumia desturi ya Wasukuma wenyewe iitwayo ngitili. Ngitili ni eneo la majani na miti ambalo mtu au kijiji hulifunga wakati wa mvua, lisilishwe, ili lifunguliwe kiangazi kikali. Mlinzi wake ni jamii yenyewe, na mvunjaji hushtakiwa katika dagashida, baraza la kimila. Mradi ulipoanza, ngitili zilizoandikwa zilikuwa za hekta 600 hivi. Baada ya chini ya miaka 20 zilihesabiwa kuwa zaidi ya hekta 300,000. Hakuna polisi aliyefyatua risasi.

Basi yule mfugaji tuliyekuwa tukimtaja kama adui wa chemchemi alikuwa ametoka nyumbani na sheria ya kulinda majani na maji, iliyo kali kuliko ya kwetu. Alipofika Mpanda hakuitumia. Kwa nini? Kwa sababu hapa hakuwa mwenyeji. Hakuna aliyemwita katika baraza; hakujua kama mwakani angekuwapo au angefukuzwa. Hakuna mtu anayefunga ngitili katika nchi ambayo anaweza kuondoshwa kabla ya kiangazi.

Sasa twende kwenye kosa letu wenyewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka kiasi cha meta 60: shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu zisifanyike ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au chanzo cha maji. Tuliifurahia sana sheria hiyo. Mtumishi hupenda namba, kwa kuwa namba haibishani. Miaka michache baadaye tulitumwa katika kijiji kimoja cha wilaya ile tukiwa na kamba, saruji na taarifa iliyokwisha kuandikwa nusu. Tulifika asubuhi, tukapima meta 60 kuzunguka chemchemi, tukapanda bikoni, tukahutubia, tukaondoka kabla ya jua kutua. Mstari wetu ulipita katikati ya bustani ya mjane mmoja. Tulimwambia sheria ni msumeno. Ofisini tuliandika kwamba mipaka imewekwa, na hiyo ilikuwa kweli tupu.

Kiangazi kilichofuata tulirudi. Bikoni tatu hazikuwapo. Moja tuliikuta jikoni mwa mtu, ni figa, na juu yake chungu cha maharage kinachemka. Tulikasirika. Mzee mmoja wa Kibende alitukalisha chini ya mwembe, akatuacha tuseme mpaka maneno yakatuishia, ndipo akauliza:

"Wanangu, mlipopima mlianzia wapi?"

"Pale maji yanapotoka, mzee."

"Yanapotoka mwezi gani?"

Hatukuwa na jibu. Akatupeleka. Tulipanda mlima mdogo, yapata hatua mia tatu juu ya bikoni zetu, mpaka kwenye kibonde cha nyasi chenye ardhi laini. Hapo, alisema, ndipo maji hutokea wakati wa masika, na hapo ndipo hushuka chini ya ardhi na kutokeza kule tulikopima. Kibonde hicho tulikuwa tumekiacha nje ya mpaka, na kwa kuwa kilikuwa nje, kijana mmoja alikuwa amekwisha kukipata kihalali kabisa na kukilima. Tulikuwa tumelinda mdomo wa mtungi tukaruhusu watu kuutoboa ubavu.

Tulikaa kijijini siku tatu, bila posho ya siku ya tatu. Baraza likaitwa, na kwa mara ya kwanza wafugaji waliokaa nje ya kijiji wakaitwa pia. Palikuwa na maneno makali ambayo hatutayaandika. Siku ya pili mfugaji mmoja wa makamo alisimama akasema kwamba kwao hawalindi maji kwa mawe, wanayalinda kwa minyaa, maana jiwe mtu hulibeba usiku lakini ua la minyaa likikatwa hutoa utomvu unaochoma macho. Watu wakacheka, na baraza likalegea. Mpaka ukachorwa upya kwa kuifuata njia ya maji kutoka kibondeni hadi chini. Mahali pengine ulikuwa mpana kuliko meta 60 mara tatu, wala haukuwa popote chini ya kiasi cha sheria. Mjane akapewa kiwanja kingine katika ardhi ya akiba ya kijiji. Kijana wa kibondeni alipewa pia, baada ya mvutano. Wafugaji wakapata njia ya kunyweshea chini ya chanzo, nao wakapanda minyaa. Haikuwa pepo: mwaka mmoja mvua ilichelewa na ng'ombe wakavunja ua, faini zikalipwa kwa shida, na mwenyekiti mmoja aligawa robo ya eneo kwa ndugu zake mpaka mkutano mkuu ukamwondoa. Lakini figa la bikoni hatukuliona tena.

Haya yaliwezekana kwa sababu pale palikuwa kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti katika kuigawa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 imewapa watu wa kijiji njia ya kuandika mpango wao na kuufuata. Katika mji mambo ni mengine. Kijiji kikimezwa na manispaa huwa mtaa, na ardhi yake hupangwa na kugawiwa na mamlaka ya mji. Mwenyekiti wa mtaa hubaki na mhuri na mikutano, lakini si yeye anayegawa viwanja. Hilo ndilo linaloifanya Misunkumilo kuwa ngumu kuliko vijiji vya ndani. Wanaokaa karibu na Milala ni mchanganyiko wa watu wa kila upande: wenyeji wa asili, watoto wa wachimba madini, watumishi, wafugaji waliouza ng'ombe, wapangaji waliofika juzi. Kila mmoja anaijua sheria ya meta 60, kwa kuwa viongozi wameitaja mara nyingi. Ni wachache wanaojua bwawa lilifika wapi miaka 30 iliyopita.

Na gharama ya kutojua haibaki Misunkumilo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 Mto Katuma, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukatika wakati wa kiangazi. Juu ya hifadhi misitu ilifyekwa, na wakulima wa mpunga wakajenga vizuizi vya udongo kuyageuza maji yaingie majaruba. Kila mmoja alichukua kidogo. Chini, hifadhini, viboko kwa mamia walisongamana katika madimbwi ya tope, wakipigana na kufa. Hifadhi ilikuwa imepanuliwa mwaka 1998 hadi kilomita za mraba 4,471, na mpaka wake ulilindwa kwa bunduki. Lakini maji hayaingii hifadhini kwa tiketi. Mkulima wa mpunga naye, tukimsikiliza kwa haki, alikuwa akiulisha mji. Vizuizi vilibomolewa na watu wa serikali, vikajengwa tena, vikabomolewa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilileta jumuiya za watumia maji, ambamo mkulima wa juu na mtumiaji wa chini hukaa meza moja mbele ya ofisi ya bonde. Wapo watu wanaoona vikao hivyo ni virefu mno. Sisi tuliosoma habari za Matombo hatuoni urefu wake.

Mara ya mwisho tulipopita Milala ilikuwa Septemba, saa kumi jioni. Mkoa ulikwisha kuwa Katavi tangu mwaka 2012, na sisi tulikuwa tumebakiza miaka michache ya utumishi. Kijana mmoja alikuwa akimwagilia mchicha kwa kopo lililotobolewa, ndani kabisa ya zile meta 60. Alipotuona na begi la ofisi aliweka kopo chini.

"Shikamoo, mzee. Mmekuja kupima?"

"Marahaba. Leo hatuna kamba. Tumekuja kuuliza maji yalifika wapi masika iliyopita."

Alitutazama kidogo, kama mtu anayetafuta mtego uko wapi. Kisha akaruka tuta la mchicha wake, akatangulia mbele kuelekea kwenye matete, huku akitwambia tuangalie tunapokanyaga kwa sababu ya njia ya viboko.